Masika ya Usukani Mwepesi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na paa la banda limevuja pale pale linapovuja kila mwaka, juu ya meza ya spana. Nimeanza kuandika daftari hili kwa sababu ukurasa wa mbele una mchoro wa pikapu ya baba na sitaki upotee. Pia humu nyumbani hakuna mtu wa kuambiwa neno likakaa.

Baba amekubali. Tangu kiharusi cha mwaka jana mguu umemrudia, lakini mkono wa kushoto umerudi nusu: unasukuma gia, haukazi usukani. Na pikapu yake ni ya zamani, kuizungusha ikiwa imesimama ni kama kuhamisha kabati lililojaa nguo. Miezi kumi na moja sasa amekataa kupanda gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Makaburini alikolala mama ni mwendo wa dakika ishirini, na hajaenda, kwa sababu anasema hatakwenda kwa mke wake amepakiwa kama gunia. Anataka kuendesha mwenyewe, hata mara moja tu, kabla masika hayajaisha. Nimemwambia nitatoa boksi la stelingi la zamani na kuweka reki, ile stelingi nyepesi ya gari dogo, aweze kukata kona kwa mkono mmoja.

Akaniuliza nani ataikagua kazi hiyo. Nikamwambia mimi.

"Breki," akasema, "wewe ndiye wa kukaguliwa."

Jumatano, 6 Machi

Wateja wanadhani naitwa Breki kwa kuwa nazijua breki. Jina nilipewa na baba nikiwa na miaka tisa. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko wa uani, mama anaanika nguo nyuma yake, mimi nacheza ndani. Ikashuka. Ikambana mama mguu ukutani. Baba alinitoa kwa kunivuta sikio, akasema mbele ya majirani wote kwamba nimeifungua breki ya mkono. Sikukumbuka kuigusa. Baada ya siku chache nikaanza kukumbuka.

Mama alichechemea miaka ishirini na miwili, mpaka siku aliyofariki. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo nalo lilikuwa linaniuma. Nilipomaliza shule nikaenda moja kwa moja gereji kujifunza ufundi. Watu walishangaa msichana anataka nini kule. Nilitaka nisikosee tena kitu chenye magurudumu.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua kutwa. Baba ameniita mara nne kuuliza nimefikia wapi. Sijaanza.

Jumanne, 12 Machi

Nimepata reki kwa muuza skrepa, imetoka kwenye gari dogo lililogongwa nyuma, mbele zima kabisa. Nimeiosha kwa mafuta ya taa na kuiweka mezani ili baba aione. Ni bomba la chuma lenye fimbo ya meno ndani yake, na gia ndogo inayoisukuma fimbo kushoto na kulia. Usukani unazungusha gia, gia inasukuma fimbo, fimbo inasukuma tairi. Hakuna kingine. Baba aliigusa kwa kidole akasema ni kitu cha kuchezea watoto, na kwamba yeye amebeba mchanga na matofali miaka arobaini kwa stelingi ya wanaume.

Mdogo wangu alikuwa barazani kwenye cherehani yake, akacheka. Akicheka yeye, baba naye hucheka. Mdogo wangu ni fundi nguo, barazani ndiko anakofanyia kazi, na baba humwita "mama" tangu azaliwe. Mimi sijui angeniita nani kama ile pikapu isingeshuka.

Ijumaa, 15 Machi

Cheche amekuja kupima vishikio vya reki, vya kuchomelea kwenye chesisi. Ndiye mchomeleaji pekee ninayemwamini, mtu wa maneno machache, na macho yake mekundu muda wote hata akiwa hajalia. Aliishika reki akaigeuzageuza, akauliza kama kwenye gari ilikotoka ilikuwa inakaa nyuma ya ekseli. Nikasema ndiyo. Akauliza kama hapa naiweka mbele. Nikasema ndiyo, kwa sababu mikono ya chuma inayogeuza tairi za pikapu hii inatazama mbele.

"Basi angalia upande, fundi. Isije ikakugeuka."

Nilimwambia achomelee alichoitiwa. Niliudhika. Kila mwanamume anayepita hapa bandani ana jambo la kuniambia niangalie.

Jumanne, 19 Machi

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Nililala chini ya pikapu kutoa boksi la zamani. Bolti zilikuwa zimeganda, nikajivuta nyuma kutafuta mahali pa kukaza miguu, na kichwa kikafika chini ya waya wa breki ya mkono. Kwa miaka yote niliyokuwa fundi sikuwahi kulala pale. Baba hakuruhusu mtu kugusa gari lake, mimi ndiyo kabisa.

Waya ule umekatika katikati na kuungwa kwa waya wa uzio. Umesokotwa kwa koleo, mizunguko mitano, kazi ya mtu mwenye haraka. Juu yake kuna rangi ya kijani. Juu ya ule uliopakwa rangi kuna waya mwingine wa uzio, mnene zaidi, ambao haukupakwa kitu.

Pikapu hii ilipakwa kijani mwaka nilioanza darasa la kwanza. Baba aliipaka mwenyewe kwa brashi, hadi tumboni, na mimi nilimshikia kopo. Nilikuwa na miaka saba. Kwa hiyo nikiwa na miaka saba breki ilikuwa tayari imekatika na kuungwa kwa waya wa uzio. Nikiwa na tisa, muungo ukalegea. Ndipo akaja na waya wa pili akakaza, baada ya mama kulazwa, watu wakiwa hospitali, na hakukuwa na haja ya kupaka rangi tena.

Nilibaki pale chini. Maji ya mvua yalipita chini ya mgongo wangu. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu ukiishika ile breki, kumbukumbu ambayo nimekuwa nayo miaka yote hii, baridi ya chuma, kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Bado ninayo. Inaonekana vizuri kabisa, na ni ya uongo. Alinitengenezea yeye kwa kuisemasema.

Mdogo wangu aliniita nile. Nikasema nimeshiba.

Jumatano, 20 Machi

Nilimpa nafasi. Nataka iandikwe kwamba nilimpa.

Nilimpelekea chai, nikamuuliza, kama mtu anayeulizia kazi, iwapo breki ya mkono iliwahi kutengenezwa.

"Haijawahi," akasema. Hakupepesa. "Ile breki ilikuwa nzima mpaka ulipoishika wewe."

Halafu akaomba sukari zaidi, nikampa.

Alhamisi, 21 Machi

Sikufanya kazi.

Jumatatu, 25 Machi

Nimechomoa mhimili wa usukani ili nipate nafasi ya kuweka reki. Baba alipoona gari limesimama kwa magurudumu yake, akataka kukaa ndani. Mdogo wangu alimshika kwapa akampandisha. Aliushika usukani kwa mkono wa kulia akauzungusha, ukazunguka wenyewe, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepona.

"Mwepesi," akamwambia mdogo wangu. "Mwepesi kabisa. Huyu Breki kumbe anajua."

Usukani haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Nilikuwa chini ya gari, nikaona ncha ya mhimili ikizunguka hewani juu ya kifua changu. Nilicheka mpaka nikauma mdomo.

Jumatano, 27 Machi

Amekuja tena kufanya mazoezi, saa nzima. Anakata kona za njia ya makaburini moja moja, anazitaja: kwenye kinu kulia, kwenye daraja kushoto, penye duka la saruji kulia tena. Ningeweza kuunganisha mhimili leo. Nimesema kuna kipuri bado hakijafika.

Jumapili, 31 Machi

Mvua kubwa. Kuta za bafu zimelowa hadi ndani. Mdogo wangu anashona gauni za maharusi watatu, na barazani hapapitiki. Alinishukuru kwa ninavyomfanyia baba. Alisema mama angefurahi. Nilimuuliza kama aliwahi kumwona mama akitembea bila kuchechemea. Alifikiri kidogo akasema hapana, yeye alimkuta hivyo.

Jumanne, 2 Aprili

Cheche amechomelea vishikio. Kazi safi. Hakuuliza tena habari ya upande.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemaliza saa kumi jioni. Reki imekaa, tairodi za kuishikisha na tairi zimefungwa, mhimili umeunganishwa, grisi kila panapotakiwa. Niliinua mbele kwa jeki, nikapanda, nikazungusha usukani kulia.

Tairi zikaenda kushoto.

Nikadhani macho yamechoka. Nikazungusha kushoto, zikaenda kulia. Nikashuka, nikakaa juu ya tairi la akiba nikaitazama. Ni kosa la mwanafunzi. Reki iliyokuwa inasukuma kutoka nyuma ya ekseli, ukiileta mbele bila kuigeuza juu chini, kila kitu kinakwenda kinyume. Cheche aliliona kwa kuishika tu mkononi. Kurekebisha ni siku tatu: kufungua, kugeuza, kuhamisha vishikio na mhimili.

Nimeshusha jeki. Nilikusudia kumwambia baba kesho kwamba tusubiri.

Jumamosi, 6 Aprili

Niliamka nikakuta baba ameshavaa. Shati jeupe alilopigiwa pasi na mdogo wangu, viatu vimeng'aa. Baba huanza kuvaa kiatu cha kulia, tangu ujana wake, anasema dereva anayeanza na cha kushoto harudi. Ufunguo ulikuwa shingoni kwake kwenye kamba, pale unapokaa siku zote. Mvua ilikuwa imekatika na uani kulikuwa na jua.

Aliniuliza, "Tayari?"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikunywa chote. Nataka kuwa mkweli hapa kwa kuwa kwingine sitakuwa: jibu langu halikunitoka kwa bahati mbaya. Nilipata muda wa chai nzima.

Nikasema, "Tayari, baba. Zunguka hapa uani kwanza."

Mdogo wangu alikuwa kwenye cherehani. Nilimwambia aingie ndani aniletee kitambaa cha kufutia kioo, na akaingia. Hilo nalo naliandika, kwa sababu maana yake ni kwamba nilijua.

Banda linatazama uani. Geti liko kulia, baraza iko kushoto. Baba aliwasha, akaweka gia kwa ule mkono wake dhaifu, akaachia klachi taratibu kama alivyokuwa akifanya enzi zake, na pikapu ikatoka bandani imenyooka. Alikuwa anatabasamu. Akakata kulia kuelekea getini. Pikapu ikaenda kushoto. Akaongeza kulia, ikaongeza kushoto. Usukani ni mwepesi kweli, niliufanyia kazi nzuri, kwa hiyo aliweza kuumaliza wote kwa mkono mmoja, na pikapu ikageuka yote na kupanda barazani. Mguu wake ulipopata breki, cherehani ilikuwa chini ya bampa na gauni mbili zilikuwa zimejiviringisha kwenye tairi.

Mdogo wangu alitoka na kitambaa mkononi. Alitazama kiti alichokuwa amekikalia, kimepasuka vipande viwili. Sijawahi kumsikia akimpandishia baba sauti, na hata leo hakupandisha. Alisema polepole, "Ungeniua, baba."

Baba alikuwa ananitazama mimi.

"Nimekata kulia," akasema.

Mdogo wangu naye akanitazama. Geti lilikuwa wazi, pikapu inanguruma, na ningeweza kusema sentensi moja.

"Niliona mikono yako, baba," nikasema. "Ulikata kushoto."

Akatazama mikono yake juu ya usukani. Akaitazama muda mrefu, mmoja kisha mwingine, kisha akarudia. Halafu akazima gari.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua. Baba hakutoka chumbani.

Jumatatu, 8 Aprili

Mdogo wangu ameuchukua ufunguo. Aliingia chumbani na mkasi wake wa kukatia vitambaa, akaikata kamba shingoni kwake. Nilisimama mlangoni. Baba aliinua kidevu kumsaidia. Mdogo wangu akaja akanikabidhi ufunguo, akaenda kuwaeleza maharusi.

Nilidhani ningefurahi kuushika. Nilifurahi, kwa kweli, mpaka jioni.

Jumatano, 10 Aprili

Cheche amekuja kuhamisha vishikio. Alipoona ninamwomba avikate na kuvirudisha vikiwa vimegeuzwa, akazima mashine. Alikuwa ameshasikia habari za Jumamosi, mtaa mzima umesikia.

"Mzee anajua?" akauliza.

Nikasema atajua.

"Mwambie leo."

Nikamwambia yeye hajui baba alinifanyia nini. Akasema ni kweli hajui. Alichomelea kazi yote hadi mwisho, akafunga nyaya zake, akakataa chai. Tangu nianze kazi hajawahi kukataa chai yangu.

Jumamosi, 13 Aprili

Kulia ni kulia, kushoto ni kushoto. Nimezunguka mtaa mzima. Inakwenda kama maji.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemletea mdogo wangu cherehani nyingine, ya kukanyaga, nzuri kuliko ya kwanza. Alinikumbatia akalia begani kwangu. Alisema bila mimi nyumba hii ingeanguka. Tangu ile siku hamkatii baba nyama vipande vidogo tena. Anamwekea sahani mbele na kurudi kwenye kazi yake, na baba anahangaika nayo kwa mkono mmoja.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemkuta baba ameketi kitandani na sinia la chai, amelishika kama usukani. Anasema "kulia" kwa sauti ndogo, kisha hazungushi. Anangoja kwanza. Nadhani alikuwa anangoja mtu amwambie ni upande gani.

Niliondoka kabla hajaniona.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo mezani aliinua mkono wake wa kulia, ule mzima, akaniuliza, "Mwanangu, huu ni upi?"

Hajawahi kuniita mwanangu. Nimetafuta kichwani siku nzima na sijapata hata mara moja. Mdogo wangu alisema kwa kuchoka, "Wa kulia, baba, kula." Baba akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, lakini alinitazama mimi kuona kama ni kweli.

Jumanne, 30 Aprili

Sijalala vizuri. Nilichotaka ni ajue jinsi ilivyo kuwa na mikono usiyoiamini. Sasa anajua. Sikufikiria kwamba baada ya kujua angeendelea kuwa pale, kila asubuhi, mezani.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zinakatika. Leo nimempeleka makaburini. Nilidhani angegoma, lakini alipanda upande wa abiria, akakaa na mikono mapajani. Kila nilipokata kona alitazama mikono yangu, kisha barabara, kisha mikono yangu. Kwenye kinu nilikata kulia na pikapu ikaenda kulia, akashtuka akashika mlango.

Kaburini alivua viatu vilivyokuwa na tope na kusimama pekupeku. Nikaona siwezi kuendelea kumficha. Nilimketisha kwenye ukingo wa kaburi la jirani nikamwambia yote. Nilichora kwa kijiti kwenye udongo uliolowa: ekseli hii hapa, reki hii hapa, nyuma inasukuma hivi, mbele inasukuma vile. Nikamwambia nilijua tangu ile Ijumaa. Nikamwambia alikata kulia, mikono yake ilikuwa sawa, kichwa chake kilikuwa sawa, na mimi ndiye niliyedanganya. Nikamwambia na habari ya ule waya wenye rangi ya kijani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiutazama mchoro. Kisha akanipapasa goti.

"Una moyo wa mama yako," akasema. "Naye alikuwa akinidanganya hivi hivi, nisiumie."

Nikamwambia sidanganyi. Akasema anajua, anajua, kwa sauti ile anayotumia mtu kumtuliza mtoto.

"Na ile siku ya mguu wake," akasema, "labda nilikuwa mimi. Labda wewe. Sikumbuki tena. Wewe unakumbuka?"

Nimengoja miaka thelathini kusikia "labda nilikuwa mimi". Aliisema kwa sauti ile ile anayoulizia mkono wake ni upi. Nikasema nakumbuka. Nilingoja aniulize zaidi, hakuuliza. Alikuwa ameanza kuhangaika na viatu.

Nikapiga magoti kwenye tope nimvalishe. "Cha kulia kwanza," akanikumbusha, akaninyooshea mguu wa kushoto.

Nikamvalisha cha kushoto.